Swali Ndicho Kipimo Chetu: Hotuba kwa Wadodosaji na Wanafunzi wa Utafiti wa Afya ya Akili

Hotuba hii ilitolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi na wadodosaji wanaoanza kazi ya utafiti wa ubongo, saikolojia na afya ya akili. Tunaiweka yote kwa wenzetu waliokuwa zamu au safarini siku hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, madaktari na wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkapitiliza hapa, wenyeviti wa serikali za mitaa, wanafunzi, na ninyi wadodosaji ambao ndio hasa niliowafuata: itifaki izingatiwe. Hamjambo?

Naanza kwa kuuliza. Mtu akitaka kujua kama ana malaria, anafanya nini? Anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, ndani ya dakika 20 ana jibu. Kisukari nacho ni tone la damu. Presha ni mkanda kwenye mkono. Na sonona, ule ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoisha, je? Sonona tunaipima kwa nini? Hakuna tone la damu litakalokwambia. Mashine ya MRI itaonyesha uvimbe, itaonyesha kiharusi, lakini mama ambaye wiki ya pili hii anaamka saa tisa usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda akitazama ukuta, picha ya ubongo wake inaweza kutoka safi kabisa.

Mama huyo tunampima kwa swali. Maneno yaliyoandikwa kwenye dodoso, mdomo wako unaoyasoma, na sikio lako linalopokea jibu: hicho ndicho kipimo chetu. Nitarudia neno hili mpaka mlichoke. Swali ndicho kipimo. Fundi wa maabara hawezi kutumia darubini yenye kioo kilichopasuka, akijua kimepasuka. Sisi kila siku watu wanaingia mitaani Tandale na Mbagala na maswali yaliyopasuka, wanarudi na takwimu, na takwimu zile zinaingia kwenye ripoti.

Twendeni Mahenge kwanza. Mahenge iko Ulanga, mkoani Morogoro, kule milimani. Mwaka 1960 daktari kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa huko. Alikuta wagonjwa waliofichwa, wengine wana makovu ya moto, maana kifafa kikimshika mtu jikoni anaangukia kwenye mafiga, na waliokuwa karibu waliogopa kumgusa kwa kuamini kwamba mate yake yanaambukiza. Aliwatibu kwa fenobabitoni, dawa ya kifafa, akawaandika, akawafuatilia. Ila kati ya watoto aliowaona walikuwapo ambao hawakuanguka wala hawakutupa mikono. Kichwa kilikuwa kinainama mbele, kinainuka, kinainama tena, kama abiria anayesinzia kwenye daladala. Wazazi walikuwa na maneno yao kwa hali ile. Walisema, amesinzia kichwa.

Miaka ya 1990 watoto wa namna hiyo walianza kuonekana kule ambako leo ni Sudan Kusini, baadaye kaskazini mwa Uganda, na dunia ikaamka. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake, akiwamo William Matuja wa Muhimbili, walichapisha maelezo ya wagonjwa wa Mahenge waliochunguzwa kwa makini. Leo ushahidi mwingi unaelekeza kidole kwenye usubi, ugonjwa wa minyoo inayosambazwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Ndiyo maana kingatiba ya ivermectin inayogawiwa vijijini inatazamwa sasa kama kinga ya kifafa pia, zaidi ya kinga ya upofu unaoletwa na usubi, tuliyoizoea.

Sasa fikirini. Kama mdodosaji wa mwaka 1960 angekuwa na swali moja tu, "Je, mtoto ameanguka na kutupa mikono na miguu?", mama wa yule mtoto angejibu nini? Hapana. Na angekuwa amesema kweli. Mtoto angeandikwa mzima, tukageuza ukurasa. Ugonjwa ule ulikuwapo kwenye Kiswahili cha wazazi miaka mingi kabla haujawa na jina kwenye majarida. Daktari aliyesikiliza maneno yao ndiye aliyeuona.

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa ya saikolojia. Akakuta asilimia 96 ya watu waliotafitiwa wanatoka kwenye nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Kwa hiyo madodoso mengi tunayoyatumia yalishonwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mwingine. Hatuyatupi. Tunayakata upya, na kukata upya kuna utaratibu wake.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu makosa mengi yanazaliwa hapa.

Dodoso likija kwa Kiingereza, wape wafasiri wawili, kila mmoja afanye peke yake bila kumwonyesha mwenzake. Mmoja awe mtu wa afya. Mwingine asiwe, awe mwalimu wa shule, mtangazaji, yeyote anayekijua Kiswahili cha watu. Kisha wakae pamoja walinganishe neno kwa neno, na kila walipotofautiana waandike kwa nini wamechagua hili na kuacha lile. Kutoka hapo mtu wa tatu, ambaye dodoso la mwanzo hajawahi kuliona, anakirudisha Kiswahili kile kwenye Kiingereza, tuone kama maana imerudi nyumbani. Njia hii ya kurudisha tafsiri Richard Brislin aliieleza mwaka 1970, na karibu kila pendekezo la utafiti hapa chuoni linaitaja.

Lakini wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo pana shimo. Dodoso la Hopkins lina maswali 25, kumi ya wasiwasi na kumi na tano ya sonona. Mojawapo kwa Kiingereza linatumia rangi ya bluu kumaanisha huzuni. Mfasiri mzembe ataandika "kujisikia bluu". Mrudishaji atarudisha bluu ileile. Tafsiri imerudi salama, imelingana herufi kwa herufi, na hakuna mtu Buguruni anayejua umemuuliza nini. Kurudisha tafsiri kunakamata kilichopotea njiani. Upuuzi uliokwenda na kurudi mzima, haukamati.

Ndiyo maana baada ya hapo dodoso linawekwa mezani mbele ya watu: muuguzi wa afya ya akili, mtu aliyewahi kuugua na kupona, mama wa mtaani, kijana wa bodaboda. Na baada yao linapelekwa kwa watu 10 hadi 15 wanaofanana na wale utakaowatafiti, mmoja mmoja. Unasoma swali. Unamwacha ajibu. Halafu unamwuliza: "Kwa maneno yako mwenyewe, mimi nimekuuliza nini?" Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko semina ya siku tatu.

Tuichukue PHQ-9, dodoso la maswali tisa ya sonona ambalo Kroenke, Spitzer na Williams walilichapisha mwaka 2001. Swali la kwanza linahusu kukosa hamu au raha ya kufanya mambo. Msomee mama lishe wa Mwenge: "Katika wiki mbili zilizopita, umesumbuliwa na kukosa hamu?" Akilisikia neno hamu peke yake anaweza kuwaza chakula, au anaweza kuwaza mambo ya chumbani, akaona aibu, akakukatia: "Hapana." Umepata sifuri, alama ya asiyesumbuliwa. Sifuri ile imetoka kwenye aibu. Iandike "vitu ulivyokuwa ukivipenda, kama kwenda kwenye sherehe, kupiga soga na wenzako, kusikiliza redio, havikupi raha tena", na utamwona ananyamaza kwanza, anafikiri. Kunyamaza kule ni dalili kwamba swali limefika.

Swali la tatu linauliza kuhusu shida ya kupata usingizi, au kulala kupita kiasi. Ni mambo mawili yanayopingana ndani ya swali moja. Mtu akisoma mwenyewe kwenye karatasi anaelewa. Ukimsomea kwa sauti, anashika la mwisho tu: "Kulala sana? Kwa maisha haya? Thubutu!" Anaandikwa sifuri, na hajapata usingizi siku 14. Soma sehemu ya kwanza, subiri. Soma sehemu ya pili, subiri. La tano la kula na la nane la mwendo na uzungumzaji ni hivyohivyo.

Na hizo wiki mbili? Watu hawaishi kwa wiki mbili, wanaishi kwa matukio. Kabla ya swali la kwanza, fungeni pamoja kamba ya kumbukumbu: "Leo ni Jumanne. Tunazungumzia tangu Jumanne ya wiki juzi, ile siku ambayo mvua ilinyesha." Kisha majibu: hapana kabisa, siku chache, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. "Zaidi ya nusu" inawapa watu tabu. Weka maharage 14 kwenye sahani, mwambie kila punje ni siku moja, atenge zile siku alizosumbuka. Akitenga punje tisa, umeshajua pa kuweka alama. Ukiamua kutumia maharage, yatumie kwa kila mshiriki tangu majaribio, usiwape wazee ukawanyima vijana, maana hapo utakuwa na vipimo viwili.

Sikilizeni pia maneno ambayo dodoso halina. Mawazo mengi. Moyo mzito. Kichwa kinawaka moto. Roho haitulii. Mwili hauna nguvu. Wengi wa wagonjwa wetu huingia kliniki kwa mlango wa mwili: kichwa, mgongo, mapigo ya moyo. Na kuna maneno ya kuyachunga. Kijana akikwambia "nina stresi", mwulize stresi gani, maana mara nyingi anamaanisha hana hela ya kodi. Neno "sonona" lenyewe limekaa vizuri vitabuni, lakini ukimwuliza bibi Temeke kama ana sonona, atakuuliza amefiwa na nani.

Kuna swali jingine linalohitaji adabu ya pekee: "Umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Katika mji huu wa misikiti na makanisa, muumini mzima wa akili anaweza kujibu, "Ndiyo, Mungu husema nami." Usikimbilie kuweka alama ya saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia. Uliza: ulikuwa macho kabisa, au ndiyo unachukuliwa na usingizi? Ilisema nini? Ilikuamrisha jambo? Wenzako unaosali nao wanapata hivyohivyo, au wao pia wameanza kuingiwa na hofu juu yako? Tangu ianze, unafanya kazi kama zamani? Maswali haya matano yanasaidia kumtenganisha mwenye imani na mwenye ugonjwa bila kumvunjia heshima yeyote kati yao.

Baada ya yote hayo ndipo unalinganisha. Mshiriki anajibu dodoso, halafu siku ileile, au isizidi siku tatu, daktari au mwanasaikolojia ambaye hajaona alama zake anamhoji kwa kina. Kazi ya namna hiyo imeshafanyika humu humu mjini. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walilipima dodoso la Hopkins kwa wajawazito wanaoishi na VVU hapa Dar es Salaam, wakachapisha mwaka 2002. Kwa hiyo mtu asiseme haiwezekani kwetu.

Mtaniuliza, kwani ukiruka hatua hiyo kunaharibika nini? Chukueni kalamu tufanye hesabu. Tuseme watu 1,000, na kwa kweli 100 kati yao wana sonona. Dodoso letu si baya: kati ya kila wagonjwa 100 linakamata 80, na kati ya kila wazima 100 linawaachia 80. Je, litatuletea wangapi? Katika wagonjwa 100, linakamata 80, linakosa 20. Katika wazima 900, linawaachia 720 na kuwakamata 180 wasio na kosa. Jumla waliokamatwa ni 260. Mwandishi wa ripoti anaandika asilimia 26 ya wakazi wana sonona. Kweli ni asilimia 10. Na kati ya hao 260, karibu saba katika kila kumi si wagonjwa.

Dodoso ni chujio. Linakwambia nani aonwe na daktari. PHQ-9 ina alama 0 hadi 27, na mpaka unaotumika sana ni 10, lakini kufika 10 si kuambiwa una ugonjwa. Naomba kila atakayeandika ripoti aandike "waliofikia alama ya kuchunguzwa zaidi", asiandike "wagonjwa".

Sasa tuhamie kwenye mashine, maana wapo hapa watakaopima mawimbi ya ubongo, na wanaweza kudhani haya ya maswali hayawahusu.

Mtu wa kwanza kurekodi mawimbi hayo kwa binadamu ni Hans Berger, Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alichapisha lini? Mwaka 1929. Miaka mitano alikuwa anajihoji: hivi haya ni mawimbi ya ubongo kweli, au ni mapigo ya moyo? Au ni misuli ya paji? Au ni waya zinatikisika? Na hata alipochapisha wengi hawakumwamini, mpaka mwaka 1934 Adrian na Matthews wa Cambridge waliporudia jaribio wakaona kitu kilekile. Miaka mitano ya kuuliza mashine: wewe, unapima nini?

Hapa Dar es Salaam mashine inahojiwa zaidi. Jasho likitoka, mstari unapanda na kushuka taratibu kama bahari. Umeme wa ukutani unaingiza mtetemo wa hezi 50. Mshiriki akiuma meno, misuli ya taya inafunika kila kitu. Basi chumba kipozwe kabla hajaingia, feni isimpulize kichwani na kutikisa nyaya, simu zikae nje, na mashine iwe kwenye betri ya akiba umeme ukikatika. Mwezi wa Ramadhani andika kama amefunga na amelala saa ngapi. Usingizi mchache unabadilisha rekodi na unaweza kuamsha kifafa.

Na nywele. Nywele, ndugu zangu! Elektrodi, kile kidude cha waya kinachonasa mawimbi ya ubongo, lazima ifike kwenye ngozi. Tunapima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye kibonyeo kilicho juu ya pua mpaka kwenye kinundu cha kisogo. Ikiwa ni sentimita 36, alama ya kwanza inakaa asilimia 10, yaani sentimita 3.6 kutoka mbele, na zinazofuata zinaachana kwa asilimia 20, yaani sentimita 7.2. Kila alama unachanua nywele kwa mkia wa chanuo, unabana pembeni, unasugua ngozi polepole kwa jeli, unaweka elektrodi, unaangalia ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kati ya ngozi na elektrodi, ushuke chini ya kilo-omu 5. Kwenye nywele fupi unamaliza upesi. Kwenye nywele nene zilizopakwa mafuta ukinzani haushuki, na kwenye rasta zilizoshonwa juu ya mstari wa kati hakuna hata pa kuweka.

Sasa dada amesuka Jumamosi kwa hela yake, amekaa saluni kwa muda wa saa tano. Jumatatu unamwambia afumue. Atafumua? Hafumui. Unaandika kwenye daftari: "hakufaa". Wa pili, hakufaa. Wa kumi, hakufaa. Mwisho wa mwaka una data ya wanaume walionyoa na unaiita data ya Watanzania.

Mwanafunzi wa Carnegie Mellon kule Marekani, Arnelle Etienne, alikataa hali hiyo. Mwaka 2020 yeye na wenzake walionyesha kwamba ukisuka nywele kwa mistari iliyonyooka, ukaacha njia pale elektrodi zinapokaa, na ukazibana kwa kibanio kinachojishikiza kwenye misuko, ngozi inapatikana vizuri. Mistari iliyonyooka kwenda nyuma! Sisi tunaiita twende kilioni, na kila mtaa wa mji huu una msusi anayeisuka. Basi mweke msusi kwenye bajeti. Mpigie mshiriki siku tatu kabla, mwulize amesuka nini, mwombe aoshe nywele usiku wa kuamkia siku hiyo bila kupaka mafuta, na mwambie wazi kwamba msuko tutaulipia sisi.

La ridhaa na faragha nitalipita kwa haraka kidogo, maana kozi nzima mtaipata. Kibali cha kamati ya maadili ya chuo, cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), barua ya mkoa, ya manispaa, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa: yote yawe mkononi. Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya shahidi asiye wa utafiti, aweke dole gumba. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, majina yakae faili moja, majibu faili jingine, yaunganishwe na namba tu, na kishikwambi kiwe na neno la siri.

Ila jambo moja halimo kwenye fomu. Nyumba zetu za kupanga zina vyumba sita na ukuta hauzuii sauti. Mjumbe aliyekusindikiza kwa wema anaweza kuvuta kiti akakaa asikilize. Mshukuru, mwambie umeshaifahamu nyumba, na kwa kanuni za kazi mnabaki wawili. Kisha mwulize mshiriki: "Wapi tunaweza kuongea usisikike?" Yeye anajua. Inaweza kuwa nyuma ya choo, inaweza kuwa kwenye benchi la zahanati. Na kila dodoso liwe na ukurasa wa kinga, maswali ya maji na takataka. Mume au mama mkwe akitokea ghafla, unahamia huko kwa sauti ileile: "Na maji mnachota wapi?" Ukiona mnatazamwa sana, funga, omba siku nyingine.

Sasa naomba tutulie. Tumefika kwenye swali la tisa.

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba ni afadhali afe, au ajidhuru. Wapo wadodosaji wanaolisoma haraka, macho chini, wakiomba jibu liwe hapana. Wanaogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo. Kuuliza hakumpi mtu wazo la kujiua. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza mtu anaulizwa, na anashusha pumzi.

Akisema ndiyo, unafanya nini? Kwanza, unaweka kalamu chini. Dodoso limesimama. Pili, hubanduki hapo ulipo, hata kama gari la utafiti linapiga honi. Tatu, unauliza kwa maneno ya wazi: umefikiria utafanyaje? Hicho cha kufanyia unacho? Umepanga siku? Umewahi kujaribu? Mwenye wazo tu, anayesema "naombaga nisiamke", anapewa rufaa na anapigiwa simu kesho yake. Mwenye njia, mwenye nia, mwenye siku, haachwi peke yake hata dakika moja. Unampigia daktari wa zamu wa utafiti, mnatafuta pamoja ndugu anayemwamini, kile chombo au zile dawa au sumu ya panya inaondolewa chumbani, na anapelekwa hospitali siku hiyohiyo kwa nauli ya mradi. Akiwa mtoto, namba 116 ya simu kwa mtoto iwe kichwani mwako.

Na usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Fomu ya ridhaa iseme tangu mwanzo: yote ni siri, isipokuwa maisha yakiwa hatarini.

Daktari wa zamu ni nani? Simu yake imewashwa? Jumamosi je? Kliniki ya afya ya akili ya Mwananyamala, Amana au Temeke inapokea siku zipi, na unamkabidhi nani kwa jina? Majibu ya maswali haya yawe kwenye karatasi moja, mfukoni mwa kila mdodosaji, kabla dodoso la kwanza halijasomwa. Mradi usio na karatasi hiyo usianze. Nasema usianze, hata kama fedha za mfadhili zinaisha muda.

Mtasema, sawa, lakini wagonjwa ni wengi na madaktari ni wachache, tutawapeleka wapi wote? Twendeni Harare, Zimbabwe, nimalizie.

Miaka ya 1990 Vikram Patel na wenzake, badala ya kutafsiri, walianza upande wa pili. Waliwauliza wagonjwa na waganga wa Harare wanaelezaje shida zao. Wakakutana na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwa maneno hayo ya watu wakatunga dodoso la maswali 14. Dixon Chibanda, daktari wa akili wa huko, akalichukua, akawafundisha wanawake wa makamo, wahudumu wa afya wa mtaani, bibi zetu hawa tunaowajua, wakae na mtu kwenye benchi nje ya zahanati. Vikao sita. Mtu anataja shida zake, wanachagua moja, wanatafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili. Nani akae pale aonekane? Bibi wale wakasema liitwe benchi la urafiki, na watu wakaja.

Likajaribiwa kwenye zahanati 24 kwa watu 573, majibu yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kwa PHQ-9, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa kwenye benchi walikuwa asilimia 13.7. Kwa waliopata huduma ya kawaida, walikuwa asilimia 49.9. Wimbi lote lile lilianzia kwenye neno ambalo mama yeyote wa Harare alikuwa akilisema sokoni.

Kufungisisa. Na sisi tuna "mawazo". Tuna "kuwaza sana". Tumelifanyia nini neno letu?

Nimewachosha kwa maneno, sasa tufanye kazi. Kwenye viti vyenu kuna dodoso na kuna maharage kwenye vikombe. Geukeni wawili wawili. Wa kulia asome swali la kwanza kwa sauti, polepole, akimtazama mwenzake machoni. Wa kushoto usijibu kwanza. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe amekuuliza nini, na wewe wa kulia uandike alichosema kama alivyosema, usikinyooshe.